Pale Mshipa Ulipokatwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo alasiri na paa la maabara likavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kabati la vioo. Nimeweka karai.

Daktari Abrar amenipa daftari hili. Ndiye daktari wetu mpya wa patholojia, binti wa Eastleigh, ana sauti ya chini na hapendi kurudia jambo. Anataka nitafute watoto wote walioondolewa jicho kwa ajili ya kansa, ambao macho yao yaliletwa kwetu kupimwa katika miaka mitano iliyopita. Ni watoto thelathini na mmoja. Kila jicho tulilikata, tukalitazama kwa darubini, tukaliandikia ripoti. Kilichowapata baadaye hatukijui, hata kwa mmoja.

Nilimwambia mimi ni mkata tishu. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na nane na sijawahi kumpigia mgonjwa simu. Akasema, "Mzee Kweyu, wengi wa hawa ni watu wa kwenu magharibi. Wewe utajua namna ya kuwasalimu."

Nadhani anatafuta makala ya kumpandisha cheo. Sawa, kazi ni kazi.

Jumanne, 4 Machi

Simu sita. Nne hazipatikani, mmoja alikata niliposema natoka hospitali. Wa sita ni mama mmoja anayeishi Njiru. Binti yake yuko darasa la nne, ana jicho la bandia, anaimba kwaya. Alinishikilia kwenye simu dakika ishirini na mimi sikutaka kukata.

Alhamisi, 6 Machi

Simu nane. Wawili wamefariki. Baba mmoja aliniuliza mbona nauliza leo. Nikamwambia pole.

Jumatatu, 10 Machi

Jana baada ya kanisa Muhonja, mke wangu, aliniuliza hasa huwa tunatafuta nini ndani ya jicho. Tumeoana miaka ishirini na sita na sijawahi kumweleza. Nikamwambia jicho huja na mkia, na mkia huo ni mshipa unaokwenda kwenye ubongo. Kabla ya kulipasua jicho lenyewe, kwanza nakata kipande chembamba pale mwisho wa mkia, mahali daktari wa upasuaji alipopitisha mkasi. Hicho hulazwa juu ya kioo, na ndicho cha kwanza kutazamwa kwa darubini. Mwisho ukiwa safi, kansa ilikuwa ndani ya jicho na imeondoka nalo. Tukikuta seli pale mwisho, basi mkasi ulipita katikati ya kansa, na nusu ya pili imebaki kichwani ikiendelea na safari. Mtoto wa hivyo anahitaji dawa kali, na ndani ya wiki chache.

Muhonja alikuwa anachambua mchicha. Akauliza, "Na nyinyi mnachukua muda gani kusema?"

Nikamwambia inategemea.

Jumatano, 12 Machi

Nambari kumi na saba. Nabalayo, binti wa Wekulo, miaka mitatu na nusu, jicho la kushoto. Lilitolewa tarehe 9 Septemba mwaka jana. Ripoti ilisainiwa tarehe 25 Novemba: seli za kansa zimefika mwisho wa mshipa, pale ulipokatwa.

Ni wiki kumi na moja kutoka kisu hadi sahihi. Nakumbuka sababu. Mashine inayoingiza nta kwenye tishu iliharibika na tukamngoja fundi mwezi na nusu. Ripoti yenyewe iko kwenye faili yetu, nakala zote mbili, hazijakunjwa. Hakuna aliyekuja kuichukua na hakuna aliyeipeleka.

Namba ya simu kwenye fomu ina tarakimu tisa. Ya mwisho haipo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepiga moja baada ya nyingine, nikijaza tarakimu ya mwisho kuanzia sifuri. Kuna mwalimu wa Kisumu, kuna bibi aliyedhani mimi ni mwanawe, kuna tatu ambazo hazipo. Ya saba iliita ikakatika. Nikapiga tena, akapokea mwanaume, kelele za kiwanda nyuma yake. Nikamuuliza kama ni baba Nabalayo. Akasema, "Nani amekupa hiyo jina?"

Wanaishi mtaa wa Kware, hapa Nairobi. Daktari Abrar ameniambia nisiseme lolote kwa simu. Nitaenda Jumamosi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika hili nikiwa nimekaa, maana nimerudi nimechoka kuliko siku ya kazi.

Kware mvua ilikuwa imekwisha lakini maji yalikuwa bado kwenye vichochoro, meusi, yakifika vifundoni. Nyumba zimesongamana hata mchana watu wanawasha taa. Wekulo, baba wa mtoto, alikuwa kwenye kibarua, lakini alinielekeza ploti na orofa. Orofa ya tano. Nilipumzika mara mbili kwenye ngazi.

Mkewe, Nerima, ndiye aliyefungua. Ni mwanamke mrefu, hajafika thelathini, mikono imechubuka kwa kufulia watu nguo. Nilikuwa nimejipanga kujitambulisha. Hakunipa nafasi.

"Wewe nakujua," akasema. "Wewe ni wa dirisha."

Nikamwambia ni kweli, nafanya kazi maabara, na siku nyingine hukaa kwenye dirisha la matokeo.

"Nilikuja mara tatu. Ya kwanza uliniambia mashine imeharibika, nirudi Jumatatu. Jumatatu ukaniambia nirudi mwezi ukiisha. Ya tatu hata uso hukuinua. Ulisema bado."

Aliyasema bila ukali, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Mimi simkumbuki. Nimejaribu njia nzima ya kurudi nyumbani, na simkumbuki hata kidogo.

Mtoto alikuwa kitandani akila chapati. Upande wa kushoto kope zimelala, zimeingia ndani kidogo, kidonda kimepona vizuri. Nilikuwa nimesimama upande huo, kwa hiyo aligeuza kichwa chote ili anione, akaniangalia kwa jicho la kulia mpaka akaridhika, akaendelea kula. Nilishawahi kushika jicho la mtoto huyu mkononi. Nililipima kwa rula, nikaandika milimita zake. Sikuwa nimefikiria kwamba kuna lingine.

Nikamuuliza Nerima kama mtoto anaumwa kichwa. Akasema asubuhi nyingine hutapika, wao wakadhani ni maji ya mtungi.

Ndipo nikamwambia. Nilimweleza kama nilivyomweleza Muhonja, mkia na mkasi, lakini sauti haikutoka sawa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilijua ingekuwa mbaya mngenipigia," akasema. "Kimya chenu nikakichukua kuwa ndiyo jibu."

Wekulo alirudi saa nane na vumbi la saruji kwenye nyusi. Ni mtu mfupi, mpole wa kuangalia. Nikaanza upya. Alinikatiza mapema. Alisema daktari wa upasuaji alimwambia kwa mdomo wake kwamba ametoa jicho lote, na yeye akashukuru, akamwambia mama yake kijijini kwamba yamekwisha. "Mlimkata mara moja," akasema. "Hamtamkata mara ya pili." Nilisema safari hii si kukata, ni dawa. Akanifungulia mlango, akaniambia niangalie ngazi, zinateleza.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemweleza Daktari Abrar yote, pamoja na habari ya dirisha. Nilitegemea aseme kitu. Aliandika tarehe tatu alizokuja Nerima, nikizikadiria, akaniuliza fundi alifika lini hasa. Basi. Mwanamke huyu ana moyo wa friji.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia Wekulo. Hakupokea.

Alhamisi, 20 Machi

Hakupokea.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua siku nzima. Stima imepotea mara mbili, tukabaki gizani. Hakupokea.

Jumanne, 25 Machi

Nerima amenipigia kwa simu ya jirani. Anasema mtoto analala sana. Anasema mumewe si mbaya, anaogopa tu, na mtu akiogopa huwezi kumvuta mkono. Nilikasirika. Nilimwambia siku zinahesabika. Akasema, "Baba, mimi nazihesabu tangu Septemba."

Jumanne, 1 Aprili

Wamekuja. Usiku wa kuamkia leo maji yaliingia Kware hadi orofa ya chini. Wekulo alimbeba mtoto mabegani, maji yakimfika kiunoni, mpaka barabara kubwa, kisha akaja naye moja kwa moja. Suruali ilikuwa imemkaukia mwilini na tope lake. Nilikuwa nimemwekea maneno tangu wiki iliyopita. Nilipomwona amemshika yule mtoto, kiganja chake chote nyuma ya kichwa chake kama mtu anayeshika yai, niliyaacha, nikamwonyesha njia ya wodini.

Wamelazwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Saa nne walileta maji ya uti wa mgongo ya Nabalayo, yaleyale yanayozunguka ubongo. Kichupa kidogo, maji safi ya kutazama, kama ya mvua. Huzungushwa kwenye mashine ili kama kuna seli zikae chini, kisha natengeneza kioo na kukitia rangi.

Si kazi yangu kusoma. Yangu ni kutia rangi na kuona kama rangi imeshika. Lakini miaka ishirini na nane ni mingi. Niliweka kioo chini ya darubini nione rangi, nikaziona. Seli ndogo, za buluu nzito, zimeshikana mafungu mafungu. Nilizikuta mwezi wa kumi na moja mwisho wa mshipa. Ni zilezile, zimefika.

Nilimpelekea Daktari Abrar. Alitazama muda mrefu. Halafu akavua miwani, akasimama, akaniambia twende wodini. Daktari wa patholojia haendi wodini. Sijawahi kuona. Nilisema tuwapelekee ripoti kwanza. Akasema, "Hawa wameshangoja karatasi yetu mara moja."

Aliketi kitandani kwa mtoto, buibui lake likigusa sakafu, akawaambia wazazi yeye mwenyewe. Hakuficha. Alisema ugonjwa umefika kwenye maji ya ubongo, kwamba kuna dawa za kuupunguza na kumpa nafuu, na kwamba hadhani zitauondoa. Wekulo aliuliza ingekuwaje kama wangekuja wiki mbili kabla. Akamwambia hapana, wiki mbili zisingebadilisha. Nerima akauliza, na kama majibu yangetoka Septemba?

Daktari akasema, "Angekuwa na nafasi nzuri zaidi. Siwezi kukwambia kiasi gani, lakini nzuri zaidi."

Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Hakuna aliyenitazama.

Ijumaa, 4 Aprili

Sikuandika jana yote. Tulipokuwa tunarudi maabara nilimwambia Daktari kwamba makala yake itakuwa na mengi. Nilisema kwa uchungu. Akasimama kwenye korido, akaniuliza makala gani. Ndipo akaniambia hiyo orodha ya thelathini na mmoja anaiandikia uongozi wa hospitali, siku ngapi kila jicho lilikaa kwetu na kilichompata mtoto, ili waone kwa pamoja. Tayari ameitwa ofisini mara mbili na kuambiwa aachane nayo. Jina la maabara liko juu, na lake chini. La kwangu hakuliweka.

Nilimwambia aliweke.

Jumanne, 8 Aprili

Dozi ya kwanza ya kemo, ile dawa kali. Nilipita saa ya chakula. Analala.

Jumatatu, 14 Aprili

Amekaa. Amekula uji. Ameacha kutapika. Ananiita "babu wa dirisha", sijui mama yake amemwambia nini. Leo alinitaka nimwonyeshe ninavyokata, nikamwonyesha kwa ndizi na kijiko. Alicheka vipande vilipokuwa vyembamba.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Muhonja alinisindikiza wodini na chupa ya chai. Wakakaa na Nerima wakizungumza habari za shamba. Wekulo aliniambia kiwandani wamempa nafasi yake mtu mwingine. Akasema kibarua kitapatikana kingine, kisha akamfuta mtoto mdomo. Huyu ndiye mtu niliyemkasirikia mwezi uliopita.

Jumatano, 23 Aprili

Mtoto haoni. Lile jicho la kulia nalo. Nerima aligundua kwa sababu hakugeuza kichwa alipoitwa. Aliuliza tu mbona stima imepotea.

Alhamisi, 24 Aprili

Wodi ina madirisha makubwa na jua lilikuwa kali. Aliuliza tena.

Jumatatu, 28 Aprili

Wamempeleka nyumbani Kware na dawa ya maumivu ya kunywa. Madaktari wa wodi na wazazi wamekubaliana. Orodha nimefikia ishirini na sita. Sikupiga simu leo.

Jumamosi, 3 Mei

Nilikwenda. Sikuwa na la kufanya huko, nikabeba maji kutoka chini, mitungi miwili, nikarudi kwangu Kariobangi.

Alhamisi, 8 Mei

Nabalayo amefariki leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kwenye mapaja ya baba yake. Wekulo alinipigia kabla ya kumpigia mama yake mzazi. Sijui kwa nini mimi.

Daktari Abrar alisema "Inna lillahi", akafunga mlango wa ofisi yake. Alipotoka saa tano macho yalikuwa mekundu. Nilijifanya natafuta kalamu.

Jumatatu, 12 Mei

Nerima amekuja dirishani. Ni zamu yangu. Nilimwona kwenye foleni, watu wanne mbele yake, na alingoja zamu yake ingawa nilimwashiria apite.

Alipofika akasema, "Nimekuja kuchukua jicho."

Nilitoka nje, tukasimama ukutani ambako mvua haifiki. Alinieleza. Jeneza linasafiri Jumatano kwenda Bungoma. Mama mkwe amesema mtoto asilazwe na pengo, na yeye mwenyewe Nerima hapati usingizi akifikiri kwamba kiungo cha mwanawe kimebaki Nairobi kwa watu. "Tangu mwezi wa tisa liko kwenu," akasema. "Nipe nikazike."

Ningeweza kusema hakuna kitu. Wengi tungesema hivyo. Nikamwambia ukweli: kilichobaki kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhi, huchomwa baada ya miezi mitatu, na chake kilichomwa Desemba. Nikamwambia kuna vipande vilivyobaki ndani ya nta. Ni vitano, kila kimoja kama kipande kidogo cha sabuni. Ndani yake mna jicho lenyewe, na mwisho wa ule mshipa. Lakini sheria yetu inasema vikae kabatini miaka mingi, na sina ruhusa kumpa mtu.

Hakuomba. Aliuliza tu, "Vinakaa vinafanya nini?"

Nilimwambia arudi kesho. Neno lilipotoka nikaona uso wake. Nikasema, "Hapana. Ngoja hapa. Usiende popote."

Daktari Abrar alikuwa na wageni wa uongozi. Niliingia bila kubisha, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikasema mbele yao mama ametaka nini. Mmoja wa wale wakubwa akasema haiwezekani, rekodi ni rekodi. Daktari akamuuliza kama anajua wiki kumi na moja ni siku ngapi. Akamwambia ni sabini na saba, akaniuliza nina vipande vingapi. Akasema kimoja kibaki, kwa kuwa kansa hii inaweza kurithiwa, na siku moja huenda kikamsaidia mtoto mwingine wa Nerima, na akasema Nerima aulizwe kwanza. Vinne ataandika yeye mwenyewe kwamba amevitoa, kwa sahihi yake.

Nilimuuliza Nerima, akafikiri. Ana mimba, sikuwa najua. Akasema kimoja kibaki, lakini si kile cha mwisho wa mshipa. Hicho anataka kiende.

Kile ndicho cha thamani zaidi kwetu. Nilimpa.

Nilivifunga vizuri kwa pamba na kitambaa cheupe kipya. Kabla sijafunga aliomba kuona. Nikamwonyesha kimoja mwangani. Ndani ya nta kulikuwa na duara la kijivu, jembamba, na upande mmoja weusi. Akaniuliza weusi ule ni nini. Nikamwambia ni mboni.

"Alikuwa na macho ya baba yake," akasema.

Kisha nikamwambia kwamba simkumbuki. Kwamba alikuja mara tatu na mimi simkumbuki hata mara moja, na kwamba naomba radhi. Alikitia kile kifurushi kifuani, ndani ya leso, kama mtu anayeficha mtoto asinyeshewe. Akasema, "Sasa utanikumbuka," akaenda.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemaliza orodha. Waliopatikana ni ishirini na mbili. Walio hai kumi na watatu. Nimeijaza mistari yote na kuiweka mezani kwa Daktari, jina langu likiwa chini ya lake.

Jumamosi, 17 Mei

Wekulo amepiga simu kutoka Bungoma saa saba mchana. Watu walikuwa wanaimba nyuma yake na hakusikika vizuri. Alisema mvua iliwapa nafasi, kaburi halikujaa maji. Alisema Nerima aliweka kile kitambaa kwa mkono wake, upande wa kushoto, na mama mkwe akatulia.

Kisha akasema, "Mzee, tumemzika mzima, bila pengo."